Masikio Yaliyolala

4 Machi

Daktari amenipa daftari hili la jalada gumu niandike hali ya hewa na "chochote utakachokiona ufukweni". Hali ya hewa: jua kali, wingu hakuna. Nilichokiona ufukweni: mawe. Hayo ndiyo ya kazi, yameandikwa mbele. Haya ni yangu, na nayaandika kuanzia nyuma, daftari nimeligeuza chini juu, ili mwenye kiherehere ahangaike kidogo kabla ya kuyapata.

Mimi ni karani wa kompyuta katika kituo cha utafiti wa pwani, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni kupiga chapa. Sijawahi kuomba kulowa. Lakini mama mkwe wangu, aliyehesabu mwani kwenye miamba yetu kwa miaka ishirini na miwili, ameota mtoto wa jicho macho yote mawili, na mwezi uliopita aliteleza akapasua goti. Basi Daktari akaniita ofisini. (Huyu si daktari wa watu, ni daktari wa mwani. Jirani yetu aliwahi kumwomba dawa ya kikohozi, akapewa maelezo marefu kuhusu chumvi.) Akasema, "Dada, wewe namba unazijua, na unakaa nyumba moja na Mama. Utahesabu wewe mpaka mvua ziishe." Alisema kwa wepesi, kama mtu anayekukumbusha kuzima taa ukitoka.

Kazi yenyewe ni hivi. Kila baada ya wiki mbili, siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kuliko kawaida, nashuka na mraba wa bomba la plastiki, nusu mita kila upande. Ndani yake zimefumwa nyuzi zikatoa vyumba mia moja. Kwenye mwamba kuna bolti tisa: tatu juu karibu na ukuta, tatu katikati, na tatu chini kabisa, ambako bahari hupaachia saa moja tu na kupachukua tena. Naweka mraba kwenye bolti, natazama kila aina ya mwani imejaza vyumba vingapi, naandika. Leo bolti za juu: sifuri, sifuri, sifuri. Jiwe tupu na joto lake.

5 Machi

Miguu inauma. Mama kanisikia nikilalamika akacheka jikoni peke yake.

6 Machi

Leo nimejua kwa nini nimechaguliwa mimi.

Daktari ana mwaka mmoja na nusu tu hapa kituoni. Alinikalisha mbele ya majedwali niliyopiga mwenyewe mwaka jana kutoka vitabu vya Mama, vyote ishirini na viwili. Akaweka kidole kwenye safu ya Sikio. Sikio ni jina la Mama mwenyewe. Ni mwani wa kahawia, mwembamba, uliokunjuka upana na kuinama pembeni, ukiuona huwezi kuuita jina jingine. Kwenye jedwali, bolti za juu zina Sikio mwaka mzima. Machi ya mwaka mmoja, vyumba kumi. Machi nyingine, kumi na nne. Machi tisa. Miaka yote.

"Machi ya mwaka jana nilishuka mwenyewe," alisema. "Juzi umeshuka wewe. Umeona Sikio hata moja pale juu?"

"Hata kivuli chake."

Akavua miwani akaifuta, na haikuwa na kitu. "Mama alikuwa hashuki miezi ya joto. Alikuwa anajaza vitabu nyumbani. Taarifa kubwa inaondoka mwisho wa Julai. Hesabu zako zikikubaliana na macho yangu, itabidi niziondoe zake zote. Anayedanganya safu moja, nitamwamini vipi safu nyingine?"

Na kwa kuwa daftari ni langu nitasema kweli: kuna sehemu ndani yangu ilifurahi. Miaka kumi na moja nakaa na mwanamke huyu. Miaka kumi na moja nasikia kwamba sifungi milango, sifungi chupa ya mafuta, sifungi kopo la sukari, "mke wa mwanangu kila kitu anakiachia mwanya". Leo naambiwa yeye mwenyewe ndiye aliyeacha mwanya, tena wa miaka ishirini na miwili. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, na nikaona aibu nilipofika mlangoni.

Vitabu vyake navijua. Vina madoa ya chai, vina mikunjo, na vimejaa maduara. Ana tabia ya kuzungushia namba duara hapa na pale, kama mtu anayechorachora huku anaongea na simu. Miezi minne ilinichukua kuvipiga. Nilichukua namba, michoro nikamwachia mwenyewe.

19 Machi

Bamvua ya pili. Juu: sifuri tatu. Katikati: zulia fupi gumu la rangi ya kutu, na vitu vidogo vya pinki vilivyoganda kwenye jiwe. Chini kuna uhai, lakini maji yalinirudia nikiwa bolti ya pili nikakimbia.

Nyumbani Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele kwa vidole maana macho hayamsaidii.

"Juu umepata ngapi?"

"Sifuri, Mama."

"Ulipiga magoti?"

"Nipige magoti kwenye jiwe lile la moto? Si nitaiva?"

"Basi hukuhesabu. Ulitembea tu."

Kumbe mlinzi wa kituo, yule bwana asiyeweza kumeza neno likakaa tumboni, alishamfikishia maneno ya Daktari. Mama aliyajua tangu juzi na hakutikisika. Nikamwambia, "Mama, sema basi. Ulikuwa unashuka au hushuki?" Akaendelea na mchele wake. "Niliandika," akasema. "Wana macho. Wasome." Na tangu hapo kanuna. Naongea na sufuria.

2 Aprili

Nimebeba gunia, nimelikunja mara nne, nimepiga magoti. Kwa hasira, si kwa utii.

Jiwe tupu si tupu. Ukiweka uso karibu, karibu hasa, pua ikanusa chumvi, unaona jiwe limeota unyoya wa kahawia, mfupi kuliko kucha, umebanana kwenye nyufa na kwenye kivuli cha kila kibonge. Chini ya jua lile! Nimegusa, ni mkavu unakwaruza. Nikaumiminia maji kidogo kutoka chupa yangu ya kunywa, ukalainika papo hapo chini ya kidole. Nikatoa mkono haraka. Sijui niliogopa nini.

Daktari aliangalia nilichoandika, "uchafu wa kahawia, vyumba 11", akatabasamu. "Kwenye orodha hakuna uchafu, Dada. Hiyo ni namba kumi na tisa, nyuzi za kahawia. Ipo kila mahali, haina maana kubwa." Nikasahihisha.

9 Aprili

Mvua. Nguo zote ndani, nyumba inanuka sabuni.

10 Aprili

Mvua.

12 Aprili

Mvua. Nilipomwambia Mama kuhusu unyoya wa kahawia alisimamisha vidole kwenye mchele. Siku ishirini na nne hajasema neno la maana na mimi, leo akasema, "Chagua mmoja. Uutie alama. Halafu uache kelele." Nikamuuliza niache kelele gani. Akasema hii.

17 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilishuka saa tatu asubuhi, mawingu yamefunika, na nilisimama ukutani nikafikiri nimekosea ufuko. Juu, palipokuwa na sifuri zangu tatu, pamekuwa kijani. Siyo kijani cha kutafuta. Kijani cha kukuumiza macho. Ni ile Mama anaiita Saladi, majani membamba kuliko karatasi ya kufungia, yamelala moja juu ya jingine na maji ya mvua yanateremka katikati yake. Yote yameanzia kwenye mdomo wa mtaro unaoleta maji ya mvua kutoka barabarani. Hatua kumi kulia kwa mtaro: vyumba mia vyote. Hatua kumi zaidi: arobaini. Ukizunguka upande unaopigwa na mawimbi: hakuna hata jani. Mwamba ni ule ule, mvua ni ile ile! Nikawa naenda na kurudi na mraba wangu kama mwendawazimu, nikitafuta mahali kijani kinapokoma, na nikapapata. Panakoma kwenye mstari. Unaweza kuweka kidole huku kuna Saladi, huku hakuna.

Na chini, kule nilikokimbia mwezi uliopita, Shanga zimerefuka mpaka kiunoni kwangu. Shanga ni mwani wenye vipuli vya hewa kama punje, ndivyo vinavyousimamisha majini. Maji yalipokuwa yakirudi zote zilinyanyuka kwa pamoja, kichaka kizima kikasimama wima mbele yangu. Wiki sita zilizopita palikuwa na vishina. Nimeishi mita mia nne kutoka hapa miaka kumi na moja nikidhani bahari ni maji.

Nimefunga uzi mwekundu wa kushonea kwenye bolti ya pili ya juu, kando ya fundo la unyoya wa kahawia lenye ukubwa wa kifungo cha shati. Hiyo ndiyo alama yake.

Nilimletea Mama beseni. Nilichuma kipande kidogo cha kila kitu, nikakiweka majini, nikaliweka beseni sakafuni mbele yake bila kusema. Akatia mikono yote miwili. "Hii Saladi. Ya mtaroni, maana ni nyororo. Hii Shanga, ya bolti ya nane, hapo mawimbi yanapiga, ona shina lilivyo gumu. Hii umeing'oa vibaya, umeitoa mpaka mizizi, siku nyingine beba mkasi." Hakukosea hata kimoja. Mpaka bolti! Nikamwangalia usoni, macho yake meupe yameelekea ukutani, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama mtu wa namna hii anaweza kukaa nyumbani akajaza vitabu vya uongo.

2 Mei

Bamvua. Fundo la uzi mwekundu: unyoya umenenepa. Ncha zake zimejikunja, kila ncha imejisokota kwa ndani kama mtoto anapokunja ngumi. Niliangalia kwa kioo cha kukuzia nilichoazima ofisini. Dakika ishirini zilipita nikiwa nimeinama, na mgongo ukanikumbusha umri wangu.

Mama aliniuliza, "Unyoya umejikunja?"

"Umejikunja."

"Haya," akasema, akaomba chai.

3 Mei

Mvua kubwa. Paa la jikoni linavuja pale pale.

16 Mei

Naandika haya kwa haraka, msomaji ambaye ni mimi mwenyewe unisamehe mwandiko.

Nilifika kwenye uzi mwekundu saa nne kasoro. Ngumi zimefunguka. Palipokuwa na fundo la ukubwa wa kifungo pana masikio sita. Masikio kamili, ya kahawia, yenye mistari myeupe kwenye ukingo, ukingo wenyewe bado umejikunja kidogo. Nikayafuata kwa kioo kwenda chini, mpaka kwenye jiwe, na hakuna mahali yanapoanzia isipokuwa kwenye unyoya. Moja lilikuwa nusu: chini ni nywele, juu limeshakuwa sikio. Lilikuwa linageuka mbele yangu. Unyoya ule mkavu, uliokwaruza, uliochomwa na jua la Machi mpaka nikauita uchafu, ulikuwa hai muda wote, umejiweka chini ukingoja. Si kitu kingine kilichokuja badala yake. Ni wenyewe.

Nilikimbia nyumbani. Mimi, ninayeteleza hata kwenye vigae. Mama alikuwa uani anaanika mashuka.

"Mama! Ule unyoya! Ni Sikio!"

"Enhe."

"Unyoya na Sikio ni kitu kimoja!"

"Sasa ulidhani Sikio linatoka wapi, dukani?" Akabana shuka kwa kibanio. "Jua likizidi, linalala. Linajinywea mpaka linabaki zile nywele. Mvua zikija linaamka. Mimi nahesabu yote, lililoamka na lililolala, maana lililolala nalo lipo. Sema lililolala naliwekea duara."

Nikamwomba arudie.

"Namba yake. Naizungushia duara. Ndivyo tulivyopatana na mkuu wa kwanza wa kituo, Mungu amrehemu. Una nini?"

Kichwani nilikuwa nimerudi kwenye kurasa za vile vitabu. Machi kumi, yenye duara. Machi kumi na nne, yenye duara. Machi tisa. Miezi minne nilikaa pale mezani, kiyoyozi kinanipuliza, nikamvua mama wa watu maduara yake moja baada ya jingine, kwa kuwa kwenye kibodi hakuna duara. Na alipoitwa mwongo, nilifurahi.

Nikasema, "Hakuna kitu, Mama. Nimechoka kukimbia." Akasema nikifika ndani nifunge mlango.

17 Mei

Nimeingia stoo ya kituo. Vitabu vyote vipo, kwenye sanduku la bati. Kitabu cha kwanza, jalada kwa ndani, kwa mwandiko wa Mama akiwa kijana, wima na safi: "Namba yenye duara, limelala." Mstari mmoja. Nilianza kupiga kutoka ukurasa wenye jedwali. Jalada sikuligusa.

Nilikaa juu ya sanduku nikafungua kitabu baada ya kitabu. Sasa maduara yanasema. Kila mwaka yanaanza moja moja baada ya mvua kwisha, yanaongezeka joto likipanda, kufikia Machi kila namba ya juu ina duara, halafu mvua zinakuja na yanafunguka, ukurasa kwa ukurasa. Bolti ya kwanza, iliyo karibu na mtaro, inaamka wiki mbili kabla ya ya tatu. Kila mwaka! Bolti za chini hazina duara hata moja, kule halali mtu. Mwaka ambao mvua zilichelewa maduara yamefika Juni. Yote ameyaona mwanamke mmoja aliyepiga magoti kwenye jiwe la moto mara ishirini na kitu kwa mwaka, bila kukosa. Hata mwezi aliofiwa na mumewe. Niliutafuta. Upo, na namba zina duara.

Nililia, ndiyo. Stoo ina vumbi lakini haikuwa vumbi.

18 Mei

Sijasema.

20 Mei

Sijasema. Mkataba wangu unaisha Septemba, na karani anayepoteza nusu ya alichopewa ni karani wa nini?

22 Mei

Mume wangu amepiga simu kutoka safarini. Yeye ni dereva wa malori na huwa hayupo wiki tatu hivi. Nimemweleza yote. "Mwambie Mama," akasema. Nikamwambia nitaanza na Daktari. Akasema, "Daktari atakufukuza tu. Mama ndiye utakayekaa naye." Kana kwamba nilikuwa sijui.

25 Mei

Sijasema.

31 Mei

Bamvua. Juu, vyumba vya Sikio: sabini na viwili, sitini na vitano, hamsini na vinane. Mwamba wote unasikiliza. Mawingu yalipasuka dakika chache jua likapiga, na mistari myeupe ikang'aa kwenye kila ukingo, maelfu yake, na maji yakaingia taratibu yakayainua yote yakasimama. Nilijiona mdogo sana na nilifurahi kuwa mdogo. Ningekuwa na moyo safi, ingekuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Mama jioni: "Daktari ameshasoma vitabu?"

"Bado, Mama."

"Ana mambo mengi," akamtetea. Yeye ndiye anamtetea!

14 Juni

Siku tatu za upepo na mawimbi ambayo hayajaonekana mwaka huu. Leo nimeshuka, na ufuko wote umefunikwa na Shanga zilizong'olewa, rundo linanifika gotini, zinanuka tayari. Bolti za chini zimebaki vishina. Ile misitu iliyosimama mbele yangu imekwisha, basi tu, kwa siku tatu.

Nikapanda juu moyo uko mkononi. Uzi mwekundu upo. Masikio yamekatika yote sita. Limebaki fundo la unyoya wa kahawia, ukubwa wa kifungo cha shati.

Nilichuchumaa pale nikajua mambo mawili. Kwanza, lenyewe halijaondoka, limelala tu, na ningekuwa na kalamu ya Mama ningeliwekea duara. Pili, kila siku ninayokaa kimya, bahari inaweza kunifutia ushahidi, na taarifa itaondoka bila Mama.

15 Juni

Nimesema. Nilibeba kitabu cha kwanza, nikakifungua jalada mbele ya Daktari, nikaweka pembeni jedwali langu. "Hapa kuna duara. Hapa nimeliondoa mimi. Mama hajadanganya popote. Mwongo ni jedwali, na jedwali ni langu."

Alisoma muda mrefu. Alifungua kitabu cha pili, cha tisa, cha kumi na saba. Nilimwona midomo inatembea, anahesabu. "Sikio, namba saba, na namba kumi na tisa ni mmea mmoja," akasema, si kwa kunielekea. "Nilisoma mahali, mistari miwili, kwamba jamaa zake hufanya hivyo. Sikutegemea kuukuta hapa, na nimeukanyaga mwaka mzima na nusu." Kisha akanitazama. "Dada, umenitia katika aibu kubwa. Na mimi nimemtia Mama wa watu katika aibu kubwa zaidi. Lakini taarifa siibadilishi kwa maneno. Nataka kuliona lenyewe likigeuka."

Kuhusu mkataba hakusema kitu, wala sikuuliza.

22 Juni

Mvua ndogo, jua dogo. Naomba masikio yaamke.

29 Juni

Daktari alishuka na mimi. Alikuja na kiti cha kukunja. Alipofika kwenye uzi mwekundu alikitupa akalala kifudifudi kwenye mwamba, koti jeupe na vyote. Fundo lilikuwa na ncha saba zilizojikunja, na mbili zimeanza kufunguka, nusu nywele nusu sikio. Alilala hivyo saa nzima. Maji yalimfika kwenye viwiko nikamwambia, "Daktari, bahari." Akasema, "Naijua." Alipoinuka uso wote una alama za jiwe, na macho yamemlowa, na sidhani yalikuwa maji ya bahari.

Hakwenda hata kubadili nguo. Alikuja moja kwa moja nyumbani, akaacha viatu nje, akainama mbele ya kigoda. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unadondosha maji sakafuni."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilisema hukushuka. Ulishuka, na uliona kile ambacho mimi na vyeti vyangu sikukiona. Vitabu vyako vinaingia vyote."

Mama alitafuta kichwa chake kwa mkono akakipata, akakipapasa kama anapapasa mwani. "Sawa. Lakini niambie, mwanangu, kwa nini hukuvisoma tangu mwanzo?"

Daktari akanitazama. Hakunisaidia na hakunichoma. Nikapiga magoti pembeni yake, mwenyewe. "Alisoma nilichopiga mimi, Mama. Maduara sikuyaweka. Nilidhani unachorachora." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza nikamalizia: "Na ulipoitwa mwongo, niliamini. Nilifurahi hata."

Mama aliondoa mkono kichwani kwa Daktari. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, na mlango wake, yeye anayefunga kila kitu, aliuacha wazi. Sikujua maana yake na bado sijui.

3 Julai

Nimeanza kupiga upya kitabu cha kwanza. Nimetengeneza safu mpya pembeni: waliolala. Mama hasemi nami.

8 Julai

Kitabu cha sita. Mama hasemi nami. Nimekula peke yangu.

11 Julai

Kitabu cha tisa. Upasuaji wa macho yake umepangiwa Agosti. Nimelisikia kwa jirani.

14 Julai

Bamvua ya mwisho ya msimu. Nilikuwa nafunga kamba za viatu saa tatu, Mama akatoka amevaa viatu vyake vya zamani vya mpira na ameshika gunia. "Twende," akasema. Nikamwambia goti, nikamwambia macho. Akasema, "Nimekuomba ushauri?"

Nilimshika mkono ngazi zote. Mlinzi alitaka kusema kitu, Mama akamwambia anyamaze, na akanyamaza. Nimeishi kuliona hilo nalo. Kwenye bolti ya pili ya juu aliweka gunia, akapiga magoti, akatia vidole kwenye mwamba uliolowa. Mimi nikaweka mraba. Alitembea chumba kwa chumba, nyuzi zikimwongoza. "Limeamka. Limeamka. Hili limelala, mawimbi yamelikata. Hili linaamka kesho kutwa. Hapa kuna nini, uzi?"

"Wangu, Mama. Ndiyo alama."

Alizungusha kidole kwenye fundo, polepole, masikio tisa mapya yakiinama na kuinuka chini ya mkono wake, na uso ukamlegea. "Tazama," akaniambia mimi, yeye asiyeona. "Tazama uzuri." Tulikaa hivyo sijui muda gani. Maji ya kwanza yalipotugusa magoti, hakuna aliyeshtuka.

"Andika," akasema. "Yaliyoamka arobaini na moja. Yaliyolala kumi na mawili."

Niliandika arobaini na moja. Niliandika kumi na mbili, nikaizungushia duara. Akanyoosha mkono. "Lete." Nikampa daftari. Alitafuta namba kwa ncha ya kidole, akaifuata alama ya kalamu ilivyobonyea kwenye karatasi, akazunguka nayo, karibu amalize, akasimama.

"Hujalifunga," akasema. "Hapa juu umeacha mwanya."

Nikachukua kalamu nikalifunga.